Waya Nilioupitisha Dirishani

Nimestaafu kazi ya benchi ya ufundi nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Najua mtacheka. Lakini muhula ujao naanza kuwafundisha ninyi, na kabla sijasimama mbele yenu na chaki nataka mjue nilikotoka, ili siku nikijifanya sijawahi kukosea mnikumbushe.

Kwa miaka minane nilikaa kwenye duka la Fundi Simiyu pale Kanduyi, nikitengeneza vitu vya muziki. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya pleya ya santuri na ampu inayoendesha spika. Dukani kinaitwa priampu. Wateja wetu walikiita tu boksi.

Mtauliza nani bado anapiga santuri. Mimi pia niliuliza, siku ya kwanza, na Fundi Simiyu akanionyesha rafu nzima ya pleya nyuma ya pazia. Kuna wazee ambao santuri zao zimekaa chini ya kitanda tangu pleya ilipokufa. Kuna vijana wa umri wenu wanaozinunua Chwele siku ya soko, kati ya muuza viazi na muuza nguo za mtumba, kisha wanakuja mbio kuuliza mbona haziimbi vizuri.

Haziimbi kwa sababu hii, na naomba muielewe leo msiisubiri kwenye mtihani. Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno. Ikiwa redio inaipa ampu ndoo ya maji, sindano inaipa kijiko cha chai. Tena wanaochonga santuri hupunguza besi makusudi, maana besi ikiachwa ilivyo, mfereji wa santuri unapanuka unaingia kwa jirani yake. Sauti nyembamba nazo huziongeza, ili zishinde mchakacho wa vumbi. Boksi ndilo linalorudisha kila kitu mahali pake. Linapandisha besi, linashusha zile nyembamba, na linakikuza kile kijiko kiwe ndoo. Ukichomeka pleya moja kwa moja kwenye ampu ya kawaida, utamsikia mwimbaji kama amefungiwa ndani ya mkebe.

Shida ni kwamba boksi linakuza chochote kinacholiingia. Transfoma iliyo karibu, simu iliyo mezani, soketi yenye kutu, solda, ile risasi ya kuungia nyaya, iliyoshikana nusunusu, vyote vinakuzwa pamoja na muziki. Ndiyo maana nililipenda. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi, hapo palikuwa na sababu halali ya kuwa na wasiwasi siku nzima.

Nilifika Kanduyi na digrii ya umeme na daftari lenye kurasa tatu za michoro ya boksi moja. Fundi Simiyu alizitazama, akasema ni nzuri, akaniita Injinia tangu siku hiyo. Haikuwa sifa.

Wiki hiyohiyo nilifunga kapasita, kile kimkebe kinachohifadhi umeme, kinyume. Kapasita za aina ile zina mstari ubavuni unaoonyesha upande wa hasi, na mtu yeyote anajua. Mimi nilikuwa nimewaza sana kuhusu thamani yake, joto lake na umri wake, nikasahau kuangalia mstari. Nilipowasha umeme ilipasuka kama bisi, na vipande vikaangukia kikombe cha Fundi. Alichungulia ndani.

"Injinia, umeniwekea mbolea ya DAP kwa chai?"

Tangu hapo, kabla ya kuwasha, ninaweka kidole kwenye kila mstari na kuutaja kwa sauti. Wateja walidhani ninasali. Fanyeni hivyohivyo, msione haya.

Sasa niwaambie desturi moja ya duka lile. Ukifungua redio au ampu iliyopitia kwa Fundi Simiyu, tazama ndani ya kifuniko. Utaona majina yameandikwa kwa penseli, moja chini ya jingine: kila fundi aliyeitengeneza ikapona. Lakini huandiki siku unayoimaliza. Kitu kinarudi kwa mwenyewe, kinakaa wiki nzima, na kama simu haijapigwa, ndipo unapewa penseli. Mwenyewe akipiga simu hata siku ya sita, hesabu inaanza upya.

Miaka miwili ya kwanza sikuwa na jina kwenye kifuniko hata kimoja. Fundi hakuninyima. Mimi ndiye niliyekuwa ninamrudishia kila kazi aikague, halafu nasema ni yake.

Ndipo akaja Mama Nafula.

Alitoka kwenye shamba lake nje kidogo ya Kitale, akaingia dukani na mfuko wa karatasi, na ndani yake santuri moja ndogo, ile ya kuzunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Yeye na mumewe, Mzee Wanyonyi, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Jumamosi ya wiki iliyofuata kungekuwa na ibada ya shukrani nyumbani. Ule wimbo ndio waliocheza siku ya harusi. Pleya ilikuwa nzima, lakini ampu yao mpya haikuwa na mahali pa kuichomeka.

"Nataka watu wasikie vile tulisikia," alisema. "Si ile ya simu. Hii."

Fundi Simiyu alinionyesha kwa kidole. "Huyu msichana atakujengea boksi. Nimesimama na yeye."

Mama Nafula aliniangalia kutoka viatu hadi nywele. "Ako na umri gani?"

"Ako na digrii."

"Sijauliza hiyo."

Nilijenga boksi lile kwa siku tano, na nawaambia kweli, sijawahi kufurahi hivyo. Fundi wa mageti alinikatia sanduku la chuma. Transfoma niliiweka nje, kwenye kijisanduku chake, na waya wa mita nzima katikati, kwa sababu transfoma ikikaa ndani na saketi inaimba yenyewe. Nilipima rezista, vile vijiti vya kupunguza umeme, zaidi ya mia kutafuta zinazofanana, ili sikio la kushoto na la kulia yasikie kitu kimoja. Fundi alipita akasema nachagua rezista kama mtu anayechagua maharagwe. Lakini kwenye benchi yetu boksi lilikaa kimya kabisa. Ungegusa spika na shavu usijue kama kuna umeme.

Jumatatu nikalipeleka Kitale. Nikachomeka kila kitu, nikawasha, nikasikia mmmmm. Ule mvumo mnene wa stima, kama nyuki kwenye mzinga.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Nilifanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, niliona kwamba ule waya mwembamba wa pleya, unaotakiwa kufungwa kwenye skrubu iliyo nyuma ya boksi, ulikuwa umelegea. Nikaukaza. Wakati huohuo nikawaza: je, kama haitoshi? Nyumba hii ina ardhi nzuri, njia ya umeme kushukia udongoni? Nani aliipima? Nikachungulia dirishani, nikaona nondo ya chuma imesimama kwenye udongo chini ya ukuta, imara na safi. Nikafurahi kama niliyepata dhahabu. Nikapitisha waya dirishani, nikaufunga kwenye nondo ile, na upande wa pili kwenye boksi.

Nikawasha tena. Kimya. Niliweka wimbo wao, na gitaa likaingia sebuleni kama mpigaji amesimama kwenye kapeti. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Mzee Wanyonyi alikuwa zizini, Mama Nafula amesimama mlangoni na ndoo mkononi, na aliusikiliza mpaka mwisho bila kuitua. Nilirudi Kanduyi nikiimba.

Jumanne asubuhi simu ikalia.

"Msichana, boksi yako inagonga."

"Inagonga vipi, Mama?"

"Kama mtu ako kwa mlango. Tak. Anangoja kidogo. Tak."

Nilifika Jumatano nikiwa nimebeba kila chombo ninachomiliki. Nikaweka ule wimbo. Kweli, juu ya gitaa kulikuwa na tak, tak, tak, bila kukoma. Nikatoa simu, nikawasha saa ya kuhesabu. Mapigo ishirini yalichukua sekunde ishirini na saba hivi. Nikachukua daftari. Santuri inayozunguka mara arobaini na tano kwa dakika inamaliza mizunguko ishirini kwa muda uleule. Kwa hiyo pigo moja kwa kila mzunguko. Kwa hiyo ni mkwaruzo kwenye santuri, sindano inauruka kila ikipita. Hesabu ilikaa vizuri mno. Nilimwonyesha Mama Nafula daftari, kana kwamba angefurahia.

"Santuri imekwaruzwa, Mama. Boksi ni zima."

Aliitazama hesabu. Kisha akasema, "Lakini saa ya kukamua haigongi."

Nilitabasamu, na tabasamu lile bado linaniuma. Nilimweleza kwa upole kwamba mkwaruzo haujui saa.

"Miaka hamsini nimeiweka," alisema. "Watoto hawajawahi kuigusa. Hata yeye mwenyewe hagusi." Aliitoa kwenye pleya, akairudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, akaufunga kwa leso. "Basi. Tutaita DJ."

Alhamisi niliporudi dukani nilimsimulia Fundi Simiyu kila kitu, pamoja na hesabu. Alisikiliza huku anasafisha soketi za ampu kwa pamba na spiriti. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Uliinua sindano?"

Nilifungua daftari.

"Injinia, ulipiga hesabu kabla ya kuinua sindano?"

Nililifunga daftari.

"Kama shida iko kwa santuri, ukiinua sindano inaenda. Kama inabaki, santuri haina makosa. Hiyo haihitaji kalamu." Akaweka pamba chini. "Mama wa watu umemwambia kitu yake imeharibika. Kesho kutwa ako na wageni. Rudi kesho. Mimi nitakuja Jumamosi kula, na nataka kula nikiwa na amani."

Ijumaa nilifika Kitale nikiwa sijala. Mama Nafula alinifungulia mlango akarudi jikoni, ambako wanawake watano walikuwa wanachambua mchele. Santuri ilikuwa bado imefungwa kwenye leso juu ya kabati, na sikuthubutu kuigusa. Niliwasha boksi tu, sindano ikiwa imelala kwenye kishikio chake, pleya haizunguki.

Tak. Tak. Tak.

Niliruka. Nilikuwa na furaha na aibu kwa kiasi kimoja, maana santuri haikuwa na kosa lolote, na mimi ndiye niliyeihukumu. Lakini mwizi alikuwa bado hajapatikana, na ilikuwa saa tisa alasiri ya Ijumaa.

Sasa nikafanya kazi kama mtu aliyefundishwa. Nilichomoa pleya kabisa, nikaziba milango ya kuingilia ya boksi kwa plagi ambazo miguu yake nimeiunganisha, ili pasiingie chochote. Tak ikabaki. Kwa hiyo haitoki kwenye pleya. Ni boksi lenyewe, au kitu kilichofungwa kwenye boksi. Nikafungua kifuniko. Nikapasha chuma cha solda. Nilikuwa tayari kuchoma upya kila kiungo, vyote mia na ushee, mpaka asubuhi kama ingebidi.

Ndipo ikanyamaza.

Sikuwa nimegusa kitu. Nilikaa na solda mkononi, nikisikiliza. Kimya kile cha benchi yetu. Mama Nafula akapita mlangoni na ndoo.

"Nilikuambia," akasema, akaendelea kutembea.

Nilitoka mbio nyuma yake. Kwenye ukuta wa zizi, Mzee Wanyonyi alikuwa ametoka kuzima swichi ya kijisanduku cheupe, na ng'ombe walikuwa wanapita kwenye geti kuja kukamuliwa.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Ya fensi. Fensi ya stima. Nisipozima, anayefungua geti anarushwa. Nisipowasha, hawa wanaingia kwa mahindi ya jirani."

"Naomba uwashe kidogo."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kumwamsha mtoto aliyelala, lakini akawasha. Kijisanduku kikaanza: tak, tak, tak. Na kutoka dirisha la sebuleni spika yangu ikaanza kumjibu, pigo kwa pigo.

Kutoka kwenye kijisanduku waya mmoja ulikwenda kwenye fensi, na mwingine ulishuka ukutani, ukafuata msingi wa nyumba, ukaishia kwenye nondo. Nondo ile imara, safi, chini ya dirisha. Waya wangu ulikuwa umefungwa juu ya wake, kwa mafundo mawili mazuri. Kila fensi ilipopiga, umeme kwenye ardhi yake ulirukaruka kidogo, na mimi nilikuwa nimeileta ardhi hiyo ndani na kuifunga kwenye mashine inayokuza kijiko kuwa ndoo.

Mvumo wa Jumatatu ulikuwa umeponywa na ile skrubu ya nyuma peke yake. Laiti ningefanya jambo moja, nikasikiliza, kisha jingine, ningejua. Boksi la santuri halihitaji udongo. Linahitaji tu pleya, boksi na ampu vifungwe pamoja mahali pamoja.

Nikafungua mafundo. Tak ikakatika hapohapo, fensi ikiendelea kupiga kule zizini.

Nilimfuata Mama Nafula mpaka jikoni, nikamwambia mbele ya wale wanawake watano, kwa sababu nilijua nikingoja tuwe wawili nitatafuta maneno mpaka yaharibike. "Santuri yako ni nzima, Mama. Haijawahi kuwa na kosa. Mimi ndiye nilikosea. Nilifunga waya wa boksi kwa ardhi ya fensi."

Alifikiri. "Unasema ulifunga boksi yangu na ng'ombe."

"Ndiyo, Mama."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga mchele. Mama Nafula hakucheka. Alikwenda kwenye kabati, akaishusha ile leso, akaifungua taratibu. "Kesho tutajua," alisema.

Mngedhani nililala. Sikulala. Je, kama kuna njia nyingine? Je, kama umande utaunganisha? Jumamosi, padri akiwa bado anahubiri hemani, nilinyata mpaka zizini nikaizima fensi. Kwa usalama tu.

Mahubiri yakaisha. Niliiweka santuri mimi mwenyewe kwenye pleya, ambayo tulikuwa tumeihamishia hemani pamoja na boksi, ampu na spika. Gitaa likaanza, na Mzee Wanyonyi akasimama, akavuta koti lake, akamnyooshea mkewe mkono. Hawakucheza kwa mbwembwe. Walicheza kama watu wanaokumbuka njia ya nyumbani.

Fundi Simiyu alikuwa kando yangu na sahani. "Mbona unatoka jasho?"

"Nimezima fensi."

Aliacha kutafuna. "Basi hatujui kama umetengeneza ama umezima tu."

Kabla sijajibu, ng'ombe wa kwanza alitokea nyuma ya hema. Mweupe mwenye madoa, hana haraka, anaelekea kwenye mahindi ya jirani. Nyuma yake walikuja wanne. Vijana wakaruka viti kwenda kuwazuia. Mzee Wanyonyi aliwaona juu ya bega la mkewe, na hakuacha kucheza.

"Nani amezima fensi? Washeni hiyo kitu," alisema, akageuka na wimbo.

Fundi Simiyu aliweka sahani chini akaenda mwenyewe. Mimi nilipiga magoti mbele ya spika, sikio likigusa kitambaa chake. Ubeti wa pili ulikuwa unaisha. Nilimwona kwa mbali akifika kwenye kijisanduku, akiinua mkono. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Gitaa. Tatu. Sauti ya mwimbaji ikapanda, ikashuka. Kumi. Ishirini. Wimbo ukaisha, sindano ikaingia kwenye ule mfereji mtupu wa mwisho, na pale ambapo hakuna muziki wa kuficha kitu chochote nilisikia vumbi kidogo tu. Kule getini, ng'ombe mmoja aligusa waya akaruka kurudi alikotoka.

"Rudisha tena," alisema Mama Nafula.

Nilirudisha mara nne.

Fundi Simiyu hakunipa penseli. Alisema simu ilipigwa Jumanne, kwa hiyo wiki inahesabiwa kuanzia Ijumaa nilipotoa waya. Niliweka alama kwenye kalenda kila jioni. Siku ya sita simu ya duka ikalia, na niliona namba ya Mama Nafula nikataka kwenda nyumbani Naitiri nikalime. Fundi aliipokea, akasikiliza. Dakika ikapita, na nyingine. Nilisimama pale nikiwa nimeshika benchi.

"Hakuna shida," alisema mwishowe, simu ikiwa bado sikioni. "Ameweka wimbo. Anataka tusikie." Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka kwenye ule mfereji mtupu, macho ameyafumba. Kisha akavuta droo, akanipa penseli.

"Na sheria ya simu?" niliuliza.

"Injinia, nenda Kitale."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Niligeuza boksi, nikafungua skrubu nne, nikaandika Nekesa kwa herufi ndogo, karibu na kona, nisije nikaonekana najisifu. Mama Nafula alikuwa ameinama juu ya bega langu. Aliniomba penseli.

Siku moja mtalifungua boksi lile, maana kapasita hukauka na mtu ataitwa. Mtaliona jina langu, na chini yake, kwa mwandiko mkubwa usio wangu: na ng'ombe.